Tamasha la drama la shule: Kitalu cha tamthilia mpya kisichokosa misukosuko

MSOMAJI anayetaka kujua ni wapi nchini Kenya tamthilia mpya huandikwa kwa wingi kila mwaka asianzie kwenye maduka ya vitabu, wala katika Ukumbi wa Kitaifa wa Maonyesho jijini Nairobi. Aende shuleni katika muhula wa kwanza, jioni masomo yakiisha, awakute wanafunzi wakifanya mazoezi katika bwalo la chakula huku mwalimu akiwa na karatasi zilizokunjwa mkononi. Karatasi hizo ndizo mswada. Mwezi Januari haukuwa umekamilika; ifikapo Aprili huenda ukachezwa mbele ya taifa zima.

Hilo ndilo Tamasha la Kitaifa la Drama la Kenya, ambalo siku hizi limeongezewa pia filamu. Shule za msingi, za upili na vyuo hupambana kuanzia ngazi za chini, wakapanda hadi kaunti, kisha ukanda, kisha fainali za kitaifa wakati wa likizo ya Aprili. Mbali na michezo ya kuigiza kuna mashairi ya kundi na ya mtu mmoja, ngoma za kubuni, masimulizi na vichekesho. Lakini mchezo wa kuigiza ndio unaongojewa kwa hamu kuliko vyote, na ndio unaozua kesi mahakamani.

Tamasha lilianza mwaka 1959, wakati wa ukoloni, likiwa shughuli ya Wazungu waliokuwa wakiishi Kenya. Shule zilizoshiriki zilikuwa chache na michezo ilikuwa ya Kiingereza kutoka Uingereza. Ukumbi wa Kitaifa wenyewe, uliofunguliwa mwaka 1952, ulikuwa kwa vitendo ukumbi wa walowezi. Uhuru ulipopatikana mwaka 1963 hali haikubadilika mara moja. Ilichukua miaka mingi, na juhudi za walimu na wakaguzi wa Kiafrika kama Wasambo Were, kabla ya shule kuacha kuiga tamthilia za ng'ambo na kuanza kuandika zao wenyewe, kwa Kiingereza na kwa Kiswahili. Fainali nazo zikatolewa Nairobi zikaanza kuzungushwa mikoani.

Badiliko hilo la pili mara nyingi hupuuzwa, ilhali uzito wake ni mkubwa. Fainali zinapofika katika mji wa mbali, wenyeji wa mji huo huketi ukumbini bega kwa bega na wazazi, walimu na wanafunzi waliosafiri usiku kucha. Kwa wengi wao hiyo ndiyo nafasi pekee ya kuona mchezo wa jukwaani mwaka mzima. Kumbi za maonyesho za kudumu nje ya miji mikubwa ni haba mno.

Ubora wa michezo yenyewe hautoshani. Shule zenye uwezo hukodi waandishi na waelekezi kutoka nje, na baadhi yao wamekwisha kuwa mafundi wa kujua majaji wanapenda nini: mapambo ya jukwaa yanayogeuzwa kwa sekunde chache, wimbo katikati, mfalme dhalimu, kijana jasiri. Ukitazama michezo mitano ya namna hiyo kwa siku moja unaweza kuhisi umeutazama mmoja mara tano. Hata hivyo, ni katika mashindano hayo hayo ambamo mwandishi asiye na jina, bila mchapishaji wala mfadhili, hupata waigizaji, hadhira na hukumu ya majaji ndani ya miezi mitatu. Hakuna mahali pengine nchini panapompa hayo yote kwa pamoja.

Ugumu ni kwamba mwenye jukwaa ni serikali. Tamasha liko chini ya Wizara ya Elimu, walimu ni waajiriwa wa umma, na kwa desturi washindi hualikwa kutumbuiza mbele ya Rais. Mwandishi anayetaka kuukosoa utawala hufanya hivyo katika nyumba ya utawala.

Historia ya Kenya ina mfano wa jamii iliyojaribu kujijengea nyumba yake. Huko Kamĩrĩĩthũ, karibu na Limuru, wakulima na wafanyakazi walijenga jukwaa la wazi kwa mikono yao, na mwezi Oktoba 1977 wakaigiza Ngaahika Ndeenda, tamthilia ya Kikuyu iliyoandikwa na Ngũgĩ wa Thiong'o na Ngũgĩ wa Mĩriĩ. Mwezi uliofuata leseni ilifutwa. Mwisho wa mwaka huo Ngũgĩ wa Thiong'o akatiwa kizuizini bila kufunguliwa mashtaka, akakaa humo karibu mwaka mmoja. Mwaka 1982 polisi walilibomoa jukwaa hilo. Tamthilia hiyo ilikuja kuchezwa katika Ukumbi wa Kitaifa mwaka 2022, miaka 45 baada ya kupigwa marufuku, na mwandishi wake aliyekuwa uhamishoni akafariki nchini Marekani mwezi Mei 2025.

Tangu mwaka 2010 Katiba ya Kenya inalinda uhuru wa kujieleza, na Kifungu cha 33 kinautaja waziwazi uhuru wa ubunifu wa sanaa. Kifungu hicho kilijaribiwa mapema, na waliokijaribu ni wasichana wa shule.

Mwaka 2013 Shule ya Upili ya Wasichana ya Butere, katika Kaunti ya Kakamega, iliigiza Shackles of Doom, mchezo wa Cleophas Malala kuhusu ardhi yenye mafuta na wageni wanaoinyakua mali ya wenyeji. Ulizuiwa kufika fainali za kitaifa kwa madai kwamba ungechochea uhasama wa kikabila. Mwanaharakati Okiya Omtatah alikwenda Mahakama Kuu. Jaji David Majanja aliamua kuwa marufuku hiyo ilikiuka Katiba. Katika uamuzi wake alieleza kwamba kazi ya sanaa si kuburudisha nafsi tu, bali pia kuamsha dhamiri. Wasichana wakaigiza.

Miaka 12 baadaye kisa kikajirudia kwa uchungu zaidi. Malala, ambaye kati ya miaka hiyo alikuwa seneta wa Kakamega na katibu mkuu wa chama tawala, kisha akaondolewa katika wadhifa huo wa chama, aliwaandikia wasichana wa Butere Echoes of War, mchezo kuhusu kizazi cha vijana kinachodai kusikilizwa katika nchi iliyoumizwa na utawala wake. Ulikuja chini ya mwaka mmoja baada ya maandamano ya vijana ya Juni 2024, na hakuna aliyehitaji kufafanuliwa fumbo hilo. Shule ilipozuiwa kuendelea, Mahakama Kuu iliagiza iruhusiwe.

Fainali zilikuwa Nakuru. Mwandishi alizuiliwa na polisi kabla ya kukutana na waigizaji wake. Asubuhi ya Aprili 10, 2025 wasichana waliingia ukumbini wakakuta hakuna hadhira, waliimba wimbo wa taifa, wakatoka bila kuigiza, baadhi yao wakilia. Nje, polisi walirusha mabomu ya machozi.

Serikali ilikuwa na hoja yake: kwamba Malala si mwalimu, na kwamba mwanasiasa hapaswi kuwatumia watoto kupigana vita vyake. Hoja hiyo haifai kutupwa moja kwa moja, maana msichana wa miaka 16 hakuchagua kuwa katikati ya ugomvi wa wakubwa. Lakini waandishi wasio walimu wamekuwa wakiandikia shule kwa miaka mingi bila kuulizwa vyeti. Na kama lengo lilikuwa kuwakinga watoto, gesi ya machozi ni ngao ya ajabu.

Kuna kinaya kingine. Wizara hiyo hiyo imewatahini wanafunzi kwa tamthilia zinazousuta utawala mbaya: Betrayal in the City ya Francis Imbuga, Kifo Kisimani ya Kithaka wa Mberia, Kigogo ya Pauline Kea. Mwanafunzi hupewa alama kwa kueleza jinsi dikteta anavyoanguka katika kitabu. Tofauti ni kwamba kitabu husomwa kimya, nacho huchaguliwa baada ya kukaguliwa na jopo. Igizo husikika kwa sauti, mwaka ule ule wa tukio.

Tofauti hiyo inaigharimu fasihi pia. Vitabu hivyo vitatu vitapatikana maktabani miaka 50 ijayo. Michezo mingi ya tamasha haichapishwi kamwe. Fainali zikiisha mapambo hurudishwa stoo, waigizaji hufanya mitihani na kuondoka, na mswada hubaki kwa mwelekezi au katika kabati ya idara ya lugha, hadi mwalimu mwingine anayetafuta nafasi ya kuweka madaftari auondoe.