Sanduku ya ordinatere ya michezo ku Kolwezi: angalia filtere mbele ya kuangalia taa

Kama unaishi ku Kolwezi, ku Fungurume ao mu muji wowote wa Lualaba, vumbi unaijua. Asubui unapangusa meza, saa sita unaweza kuandika jina lako juu yake na kidole. Kuanzia mwezi wa 5 mpaka mwezi wa 9 mvua hainyeshe, na malori ya mine yanapita muchana na usiku. Ile vumbi yenye inakaa juu ya meza inaingia pia mu ordinatere. Na mu ordinatere haiingie pole pole: ventilatere zinakokota hewa ya chumba saa yote yenye mashine inawaka.

Vijana wengi siku hizi wanajijengea ordinatere ya michezo ya video kipande kwa kipande. Leo karti grafiki, mwezi ujao prosesere, kisha memwari. Sanduku, ile wauzaji wanaita buatie, wengi wanainunua mwisho, na pesa yenye imebakia, na wanachukua yenye kioo na taa za rangi. Kwetu hapa ni hatari. Sanduku ndiyo mulango wa vumbi, na mulango mubaya unaharibu vitu vya bei vyenye viko ndani. Tuangalie basi namna ya kuichagua.

Sanduku ya vipande ni nini?

Sanduku ya kawaida imefungwa namna moja, na unaitumia vile ilivyotoka ku kiwanda. Sanduku ya vipande, ao modilere, iko na sehemu zenye unaweza kutoa, kuhamisha ao kubadilisha: kifuniko cha juu, uso wa mbele, vibanda vya kuwekea disiki, sahani yenye inabeba karti mama. Mufano, Cooler Master ilitoa MasterCase 5 mu mwaka wa 2015, na be quiet! ya Ujerumani ikatoa Dark Base Pro 900 mu 2016, yenye sahani ya karti mama unaweza kuigeuza juu chini. Mu 2020, Fractal Design ya Suede ilitoa Define 7, yenye kifuniko cha juu unaweza kuchagua: kifungwe kabisa ao kipitishe hewa.

Sanduku kama hizi zinasaidia mutu wa Kolwezi kwa sababu mbili. Ya kwanza, kama unajenga kidogo kidogo, hautanunua sanduku ingine siku yenye karti grafiki ndefu itafika: unatoa kibanda cha disiki, nafasi inapatikana. Ya pili, inafunguka mbio, na mashine yenye inafunguka mbio ndiyo mwenyewe anaisafisha.

Lakini kuna upande mwingine wenye wauzaji hawasemake. Kila kipande chenye kinatoka kinaacha mustari wa kuungana, na vumbi inapita mu mistari. Kwa hiyo, ku duka, funga vipande vyote, kisha pitisha ukucha pa maungano. Kama ukucha unaingia, vumbi nayo itaingia. Bonyeza pia ubavu wa sanduku na kidole gumba: chuma chembamba sana kinabonyea, na kisha kufunguliwa mara kumi hakifungikake tena muzuri.

Vipimo vya kujua mbele ya kulipa

Karti mama ziko na vipimo vyenye dunia yote inafuata. ATX iko na milimetre 305 kwa 244. Micro-ATX iko na 244 kwa 244. Mini-ITX, ile ndogo, iko na 170 kwa 170. Sanduku ya ATX inapokea zote tatu, lakini sanduku ya mini-ITX haipokee ATX.

Kisha uliza urefu wa karti grafiki yenye sanduku inaweza kupokea. Karti nyingi za nguvu zinapita milimetre 300. Uliza tena urefu wa radiatere ya prosesere: zile za munara, zenye ventilatere ya milimetre 120, nyingi zinafika karibu 160. Andika vipimo vya vitu vyako pa karatasi na uende nayo ku duka na metre. Usimame pa neno la muuzaji tu, juu sanduku yenye imefunguliwa ni nguvu kuirudisha.

Maulizo ine juu ya filtere

Filtere ni ule wavu mwembamba wenye unazuia vumbi pa mulango wa hewa. Uliza hivi:

Moja: kila fasi ventilatere inavuta hewa, kuko filtere? Inapaswa kuwa mbele, chini pa alimentasio, na juu kama ventilatere ya juu inaingiza hewa.

Mbili: inatoka bila turnevisi? Filtere yenye inaomba visi sita haitasafishwa. Muzuri ni ile inavutwa kama droo, ao inakamatwa na sumaku.

Tatu: filtere ya chini inatokea upande gani? Kama inatokea nyuma, utapaswa kusogeza mashine na kamba zote kila mara. Chagua yenye inatokea mbele ao ubavuni.

Ine: inaweza kuoshwa? Wavu wa nailoni unaoshwa na maji na sabuni kidogo, unakaushwa kabisa mu kivuli, kisha unarudishwa. Sifongo inajaa mbio, na kisha muda inaanza kumegeka.

Kama sanduku yenye uko nayo haina filtere, usiitupe. Kuko wavu wa plastiki wenye sumaku pembeni wenye unakatwa na makasi. Wengine wanafunga soksi ya nailoni ya mwanamuke mbele ya ventilatere. Inasaidia, lakini inajaa upesi na inabana hewa, kwa hiyo inaomba kuangaliwa kila wiki.

Hewa iingie mingi kuliko yenye inatoka

Hii ndiyo sheria yenye wengi hawajue. Kama ventilatere zenye zinatoa hewa ziko na nguvu kupita zenye zinaingiza, sanduku inakuwa na njaa ya hewa, na inavuta popote: mu mistari ya vipande, mu matundu ya USB, nyuma karibu na karti. Hakuna filtere pale. Lakini kama hewa yenye inaingia ni mingi, ile ya ziada inasukuma inje kupitia matundu madogo, na vumbi haipate njia.

Kwa hiyo weka ventilatere mbili ao tatu za milimetre 120 ao 140 mbele, nyuma ya filtere, zikiingiza hewa. Moja ya nyuma itoe. Acha fasi ya juu ikiwa imefungwa, kama mashine haipate moto sana. Njo pale kifuniko cha kubadilisha kinaonyesha faida yake: wakati wa kipwa unakifunga, wakati wa mvua, vumbi imepunguka, unaweka kile cha kupitisha hewa.

Kumbuka pia kama Kolwezi iko juu, kupita metre 1 400 juu ya bahari. Hewa ya hapa ni nyepesi kuliko ya pwani kwa zaidi ya sehemu 10 kwa 100, na hewa nyepesi inabeba joto kidogo. Sanduku yenye inatosha ku Dar es Salaam inaweza kupasha mashine moto hapa. Juu ya ile, kimbia sanduku zenye uso wa mbele wa kioo kizima chenye kinaacha hewa njia nyembamba tu ya pembeni. Uso wa wavu ni bora, hata kama hauangaze.

Na ile radiatere ya prosesere, mirija yake ni ya shaba, juu shaba inapitisha joto muzuri kupita aliminiamu. Shaba inatoka kwetu ikiwa masahani juu ya malori, na kipande chake kinaweza kuturudilia ndani ya sanduku. Lakini shaba yenye imefunikwa na vumbi haitoe joto. Vumbi ni kama blanketi.

Umeme na waya wa udongo

Sanduku ya chuma imeunganishwa na alimentasio. Kama prizi ya nyumba haina waya wa udongo, ule mafundi wanaita tere, chuma ya sanduku inaweza kubeba karibu volti 110, hata kama mashine ni nzima. Utasikia kama sindano ndogo ndogo pa mukono. Nguvu yake ni kidogo, lakini haiko muzuri kwa mashine, na siku alimentasio inaharibika kweli inaweza kuua mutu. Ita fundi apige nondo mu udongo na aunganishe prizi. Kukata muguu wa tatu wa fishi juu uingie mu prizi ya miguu mbili, hapana.

Umeme unakatika na kurudi na nguvu. Sanduku haizuie ile. Ondilere ao regilatere ndiyo inazuia, na inapaswa kuwa mu hesabu yako mbele ya taa za rangi.

Mu barabara

Vitu vingi vinapita Kasumbalesa, vinafika Lubumbashi, kisha vinapanda Likasi mpaka Kolwezi. Kama unaleta mashine yenye imeisha kujengwa, toa karti grafiki na radiatere nzito ya munara, uzifunge mbali. Mutikisiko unaweza kuvunja fasi yao pa karti mama. Ubavu wa kioo, utoe pia na uufunge mu blanketi. Sanduku ya vipande inakupa nafasi ya kufanya hivi bila kuvunja kitu. Kama ni sanduku tupu unaagiza, yenye ubavu wa chuma itafika muzima kuliko ya kioo.

Vumbi ya hapa inaomba heshima

Tuseme na neno lenye linapita mashine. Ku Kasulo, mu muji wa Kolwezi, watu walianza mu 2014 kuchimba kobalti chini ya nyumba zao. Mu 2018, watafiti wa Université de Lubumbashi na wa KU Leuven ya Ubelgiji walitangaza matokeo ya kazi yao pale: vumbi ya mu nyumba ilikuwa na kobalti mingi, na wakaaji, zaidi sana watoto, walikuwa nayo mu mukojo na mu damu kupita watu wa mutaa wa karibu wenye haukuwa na shimo.

Sasa fikiria ordinatere yenye inakokota hewa ya chumba saa tano kila siku, mwaka muzima. Yenye inakusanyika mu filtere ni ile ile vumbi. Na kazi ya kuisafisha tunaipatia nani? Mara mingi mutoto, na tunamwambia apulize na kinywa. Hapana. Fanya hivi:

Zima mashine, chomoa fishi, uibebe inje, mbali na watoto na chakula. Vaa kifuniko cha pua na kinywa. Filtere, iloweshe na maji mbele ya kuisugua, vumbi isiruke. Sehemu za inje, pangusa na kitambaa chenye maji kidogo. Ndani, tumia burashi laini na kavu, na ushike ventilatere na kidole isizunguke. Maliza, osha mikono na uso, na kitambaa ukioshe pembeni.

Wakati wa kipwa, filtere isafishwe kila wiki mbili, ndani kila miezi mitatu. Wakati wa mvua, filtere mara moja kwa mwezi inatosha. Usiweke mashine chini pa sima. Iweke juu ya meza, mbali na mulango na dirisha la barabara.

Kwa wale wako ku Goma, mavumbi ya volkano yanaomba uangalifu ule ule. Ku Bukavu na Kalemie, pembeni ya ziwa, unyevu ndio adui: chagua chuma chenye rangi imeshika muzuri hata mu pembe za ndani, juu kutu inaanzia pale.

Kwa kumaliza

Kama pesa haitoshe kwa vyote, fuata mupango huu: kwanza vipimo viingiane, pili filtere zenye zinatoka bila turnevisi, tatu uso wa wavu na nafasi ya ventilatere tatu, ine chuma kigumu na vipande vyenye vinafungika muzuri. Kioo na taa vikuje nyuma, kama kitu kinabakia. Taa utaziangalia wiki ya kwanza. Filtere, utaisafisha miaka yote, na kila mara utaona pa mikono yako vumbi yenye haikuingia mu mashine.