Mashine ya kufuma masweta: namna fundi anaizoea bila mwalimu

Mjini Baraka, cherehani ni kitu cha kila siku. Mashine ya kufuma ni mambo mengine. Ni chache, nyingi zinafika zikiwa zimekwisha kutumika na hazina kitabu. Kama kitabu kipo, basi ni cha lugha ambayo nyumbani hakuna anayeisoma. Kwa hiyo anayeipata anajifunza kwa kujaribu na kukosea, na kila kosa linakula uzi, wakati uzi wenyewe unatoka mbali, kupitia Uvira ao kwa mashua.

Kuna wanaouliza: masweta ya nini huku kwenye joto la ziwa? Ziwa Tanganyika liko kwenye mita 770 hivi juu ya bahari, lakini wilaya ya Fizi inapanda mpaka nyanda za juu za Minembwe, zaidi ya mita 2000, fasi ambapo asubuhi mtu hatoki bila nguo nzito. Tena, kofia na soksi za mtoto mchanga zinafaa hata Baraka kwenyewe. Na mashine ya mkono haiombi umeme.

Mashine ya nyumbani ya kawaida ina kitanda kirefu chenye sindano 200, moja kila milimita 4.5. Kila sindano ina kiulimi kinachofunguka na kujifunga. Juu yake kinapita kigari, kile ambacho Wafaransa wanaita chariot. Kikipita mara moja, mstari mzima umefumwa. Wazo hili ni la zamani: Mwingereza William Lee alitengeneza mashine ya kufuma soksi mwaka wa 1589, na Mmarekani Isaac Lamb akapata hati ya mashine bapa mwaka wa 1863.

Siku ya kwanza karibu kila mtu anapata shida moja: kigari kinakwama katikati. Anayeanza anasukuma kwa nguvu, na hapo sindano zinapinda. Apana kusukuma. Mara nyingi mafuta ya zamani yameganda na kushika vumbi. Sindano zinatolewa, zinaoshwa kwa petroli ya taa mbali na moto, zinakaushwa, kisha zinapakwa mafuta mepesi ya cherehani, kidogo tu. Mafuta ya mawese yatagandisha kila kitu upya.

Kama bado inagonga, angalia kile chuma chembamba kinachokandamiza sindano. Ndani yake mna sponji. Ikizeeka inalala, sindano zinainuka, kigari kinazigonga. Kipande cha sponji ya godoro, kikikatwa kwa upana na unene uleule, kinaweza kusaidia. Kipimo chake ni kidole: sindano isicheze yenyewe, lakini isogee ukiisukuma.

Halafu vitanzi vinaanguka. Pembeni vikianguka, mara nyingi kitambaa hakina uzito wa kukivuta chini, ao uzi umelegea kila kigari kinapogeuka. Uzi ukikatika ovyo, upitishe kwanza kwenye mshumaa. Nta inaufanya uteleze. Kitanzi kilichoanguka kinapandishwa kwa ndoano ndogo, mstari kwa mstari, na watoto wa nyumbani wanajifunza kazi hiyo upesi kuliko wakubwa.

Sehemu inayopoteza uzi mwingi zaidi ni vipimo. Fundi anafuma sweta nzima, akimvalisha mtoto haiingii kichwani. Dawa yake ni kipande cha kujaribia: sindano 40, mistari 60, kwa uzi uleule na mkazo uleule. Kifue, kikauke, kilale usiku mzima, ndipo kipimwe. Tuseme upana ni sentimita 16 na urefu 15. Hiyo ni vitanzi 2.5 na mistari 4 kwa kila sentimita. Mtoto mwenye kifua cha sentimita 60 anahitaji nafasi ya kupumua, tuseme 64, yaani 32 mbele na 32 nyuma. Zidisha 32 kwa 2.5: sindano 80, ongeza 2 za kushonea. Urefu wa sentimita 40 ni mistari 160. Andika hesabu hiyo kwenye daftari pamoja na namba ya mkazo, kwani uzi wa kesho unaweza kuwa mnene zaidi.

Kilichoharibika hakitupwi. Kinafumuliwa, uzi unazungushwa kwenye mgongo wa kiti, unaloweshwa, unatundikwa mpaka mikunjo iishe.

Na sindano ikivunjika katikati ya kazi, hakuna sababu ya kungoja safari ya Uvira. Toa moja ya mwisho kabisa pembeni, iweke fasi ya ile iliyovunjika. Sweta ya mtoto haifiki huko pembeni hata siku moja.