Jeli ya sindano kwa diski za mgongo: matumaini na mipaka yake

Alfajiri, treni ya chini ya ardhi inapoondoka kituo cha Alby, kusini-magharibi mwa Stockholm, huwabeba wasafisha maofisi, madereva na walezi wa wazee, baadhi yao wakiwa wenye asili ya Afrika Mashariki. Kazi zao ni za kuinama na kunyanyua, na maumivu ya mgongo ni mazungumzo ya kawaida. Kwa mwenye maumivu hayo, habari kwamba diski iliyoharibika huenda ikajazwa jeli kwa sindano si habari ndogo. Je, ina ukweli gani?

Mto kati ya pingili

Uti wa mgongo una diski 23. Kila moja ni mto mdogo kati ya pingili mbili: nje ni ukanda mgumu wa nyuzinyuzi, ndani ni kiini laini ambacho ujanani sehemu yake kubwa ni maji. Umri unavyosonga kiini hukauka, na ukanda huweza kupasuka. Kwa kuwa diski ya mtu mzima karibu haina mishipa ya damu, hujiponya kwa shida.

Katika miaka ya 1960, daktari wa mifupa Alf Nachemson wa Sweden alipima shinikizo ndani ya diski za watu walio hai. Alionyesha kuwa mzigo hupungua mtu anapolala, na huongezeka anapoketi na kuinama mbele.

Haidrojeli ni nini?

Haidrojeli ni mtandao wa molekuli ndefu unaoshika maji mengi bila wenyewe kuyeyuka. Mwaka 1960, Otto Wichterle na Drahoslav Lím wa Czechoslovakia walieleza aina iliyokuja kutumika kutengeneza lenzi laini za macho.

Katika miaka ya 1990 wapasuaji walianza kupachika vijimto vya haidrojeli ndani ya diski, lakini baadhi vilihama mahali pake. Ndipo watafiti walipogeukia jeli ya majimaji inayopita kwenye sindano na kuganda ikishafika ndani.

Majaribio yamefika wapi?

Jeli iitwayo HYDRAFIL, ya kampuni ya Marekani ya ReGelTec, hupashwa moto, hudungwa ikiwa majimaji, kisha hukaza inapopoa hadi joto la mwili. Matokeo yaliyotolewa mwaka 2022 yalionyesha maumivu yakipungua kwa wagonjwa 20 waliofuatiliwa kwa miezi sita. Idadi hiyo ni ndogo, na hapakuwa na kundi la kulinganisha.

Nchini Japani, Chuo Kikuu cha Hokkaido kimejaribu jeli ya alijineti, itokanayo na mwani wa kahawia, ambao ni tofauti na ule unaolimwa Unguja na Pemba. Hiyo hujaza pengo linalobaki baada ya upasuaji wa diski.

Maswali makubwa yangalipo: je, jeli itahimili miaka ya kunyanyua mizigo? Je, haitavuja na kubana neva? Je, sindano yenyewe haitaudhuru ukanda wa diski?

Kabla ya kuchangisha fedha

Jeli hizi bado hazijawa tiba ya kawaida. Familia inayotaka kuuza shamba au kuchangishana ughaibuni ili ndugu yao adungwe sindano nchi za nje haina budi kuuliza kwanza: je, ni tiba iliyoidhinishwa au ni jaribio? Jaribio la kweli lina kibali cha kamati ya maadili, na humweleza mgonjwa hatari zake kwa maandishi.

Wagonjwa wengi wa diski iliyochomoza hupata nafuu katika wiki au miezi kadhaa bila upasuaji, kwa mazoezi na dawa za maumivu. Mkaazi wa Alby anaweza kupata ushauri wa afya kwa simu 1177. Jijini Dar es Salaam, Taasisi ya Mifupa Muhimbili, MOI, hutibu magonjwa ya uti wa mgongo.

Hata hivyo, ganzi kwenye makalio na sehemu za siri, miguu kuishiwa nguvu, au kushindwa kukojoa au kuzuia haja ni dalili za dharura. Mwenye dalili hizo apelekwe hospitali siku hiyo hiyo.