Uhuishaji wa ukingo: istilahi mpya kwa ziwa la Goma

Mtu wa Goma, mashariki mwa Kongo, akisema anaenda "ku ziwa", msikilizaji bado hajajua anaenda kufanya nini. Huenda anateka maji, anafua, anapokea vyakula vilivyoletwa na boti kutoka Minova, au anakwenda kupumzika Jumapili katika hoteli moja ya mtaa wa Himbi. Wataalamu wa mipango miji wana neno moja la Kiingereza kwa ukanda wote huo ambapo mji hukutana na maji: waterfront. Wana pia fani nzima ya kuufufua kwa faida ya watu na viumbe wengine. Kiswahili kimechelewa kulipatia neno hilo mwenzake. Hata Mombasa, bustani ya Mama Ngina ilipofunguliwa upya tarehe 20 Oktoba 2019, jina rasmi lilibeba Waterfront vilevile lilivyo.

Maneno ya karibu yapo, ila kila moja linavuta upande wake. Ufukwe humletea msomaji mchanga, na kando ya Goma ni miamba myeusi ya lava. Mwambao humpeleka Lamu na Tanga, kwenye pwani ndefu ya bahari. Mwalo, neno la wavuvi wa Ziwa Victoria upande wa Tanzania, ni mahali mitumbwi inaposhushia samaki; ni neno zuri, lakini linataja sehemu moja tu ya kazi. Linalobaki ni ukingo. Lina undugu na kitenzi kukinga, na kitenzi hicho kina maana mbili ambazo Goma inazihitaji zote: kuzuia madhara, na kutega chombo kipokee maji, kama mtu anavyokinga mvua chini ya paa.

Kwa hiyo istilahi inayopendekezwa hapa ni uhuishaji wa ukingo wa mji. Maana yake ni kuurudishia ukingo uwezo wa kulilinda ziwa dhidi ya uchafu wa mji, na kuwapokea watu, boti, ndege na samaki bila mmoja kumfukuza mwingine. Ukarabati hautoshi, kwa kuwa hukarabatiwa kile kilichokwisha kujengwa. Watengenezaji wa katuni nao wanatumia uhuishaji kwa kazi yao, lakini muktadha utatenganisha.

Mjini Goma, kazi ya kwanza ya ukingo ni maji ya kunywa. Mji hauna mto: mvua huzama katika miamba ya volkano yenye matundu, na hata REGIDESO, shirika la maji la taifa, huvuta maji yake kutoka Ziwa Kivu. Mahali mabomba hayafiki, watu hushuka wenyewe. Wanaingia majini hadi magotini na bido, yaani madumu, za manjano, huku hatua chache pembeni mtu anafua na mwingine anaosha pikipiki. Kipindupindu kinapotishia, wahudumu hukaa pale kando na kutia klorini kwa bomba la sindano katika kila bido inayopita, kabla haijapandishwa kwenye chukudu, ile skuta ya mbao ya kubebea mizigo. Tishio hilo si la kubuni. Julai 1994 kipindupindu kiliua maelfu kwa maelfu ya wakimbizi waliotoka Rwanda, na mwishoni mwa Januari 2025, waasi wa M23 walipouteka mji, umeme na maji ya bomba vilikatika na wakazi wengi wakarudi ziwani na vyombo vyao. Mradi wowote utakaopanda maua na kuweka viti huku ukimfungia njia mtekaji maji utakuwa umeua ukingo, hata ukipendeza namna gani.

Njia zenyewe ni chache. Sehemu kubwa ya ukingo wa Himbi na Kyeshero imezibwa na kuta za nyumba binafsi na hoteli, wakati Gisenyi, ng'ambo tu ya mpaka wa Rwanda, watu hutembea kandokando ya maji chini ya miti. Kwingineko sheria huulinda ukingo: nchini Tanzania, Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inazuia shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa ziwa. Goma haiwezi kubomoa kila ukuta, lakini vichochoro vya umma vinavyofika majini vinaweza kulindwa leo, na mimea ikapandwa mahali mitaro inapomwaga takataka ziwani. Mnandi, fisi maji na wavuvi wa samaki wadogo waitwao sambaza wote wanategemea maji hayo.

Kazi nyingine ni ya boti. Tarehe 3 Oktoba 2024 boti iliyojaa kupita kiasi kutoka Minova ilizama karibu na bandari ya Kituku mjini Goma, watu wakiwa wameshaiona nchi kavu. Makumi walikufa. Walikuwa wamepanda boti kwa sababu vita vilikuwa vimefunga barabara. Gati imara, mizani ya mizigo na maboya ya kuokolea maisha ni sehemu ya uhuishaji sawa na miti.

Kisha kuna volkano. Tarehe 17 Januari 2002 lava ya Nyiragongo ilipita katikati ya mji hadi ziwani na kuusukuma ukingo mbele, kwa hiyo ramani ya kabla ya mwaka huo haifai tena. Hatari iliyojificha zaidi ni mazuku, hewa ya kaboni dioksidi inayotoka ardhini, nzito kuliko hewa ya kawaida, ambayo hutuama mabondeni na kuua bila kuonekana. Hilo ni neno la watu wa Kivu, na wanasayansi wa volkano duniani wamelichukua bila kulibadili. Mazuku hupatikana hasa magharibi mwa mji, karibu na ziwa, kuelekea Bulengo. Anayechora bustani ya watoto upande huo apime hewa kwanza: apime alfajiri, kabla upepo haujaanza, na apime karibu na ardhi, kwenye kimo cha mtoto aliyeketi.