Vita Ndani ya Pindo

Mtu wa mwambao aijua kanga: ina pindo lizungukalo, na mji katikati. Kwa jicho hilo na tuyatazame mazulia ya vita ya Afghanistan. Majeshi ya Kisovieti yalipoingia nchi hiyo Desemba 1979, wafumaji wa Kibaluchi na Kiturkmeni, wengi wao wanawake, waliliacha pindo la kale na maua yake. Lakini ndani ya mji wakafuma vifaru, helikopta na bunduki. Wasovieti waliondoka Februari 1989. Silaha zilibaki katika zulia.

Sisi tulikuwa na utenzi, nao pia ni ufumaji: mizani nane kwa kila kipande, vipande vinne kwa ubeti, na kina kimoja cha mwisho kipitacho ubeti hata ubeti kama uzi usiokatika. Tangu Utendi wa Tambuka, ulioandikwa Pate mwaka 1728, mji wa pambo hili ulijaa panga, farasi na mashujaa wa zama za Mtume. Hemedi bin Abdallah el Buhriy alikuwa fundi wa vita hivyo vya kale. Ndiye mtunzi wa Utenzi wa Abdirrahmani na Sufiyani. Kisha vita vikaja kwao.

Agosti 1888 Kampuni ya Kijerumani ya Afrika Mashariki ilianza kuzishika bandari za Mrima, kwa mkataba na Sultani wa Zanzibar. Watu wa pwani wakakataa. Septemba, wanamaji wa manowari Leipzig waliteremka Bagamoyo, na wenyeji wengi wakauawa. Mei 1889 Hermann Wissmann alilivunja boma la Abushiri bin Salim karibu na mji. Desemba, Abushiri akanyongwa Pangani.

Hayo Hemedi aliyatungia Utenzi wa Vita vya Wadachi Kutamalaki Mrima. Hakutafuta bahari mpya. Mzinga uliwekwa palipokuwa na upanga.

Je, pambo haliurembi msiba? Naona kinyume chake. Pindo tulilolizoea ndilo linalotuonyesha kwamba kilichoingia mjini si chetu.

Tofauti ipo, nayo ni nzito. Mazulia yale yalipata soko kwa wageni, wakiwamo askari, na baada ya 2001 yakafumwa hata minara ya New York. Jina la mfumaji kwa kawaida halimo. Utenzi ulitungwa kwa lugha ya waliopigwa, na mtunzi wake anajulikana. Neno lake moja latosha kuwa ushahidi. Jina la tafsiri ya Kiingereza ya J. W. T. Allen lataja ushindi. Hemedi alisema kutamalaki, yaani kukifanya cha mwenzio kuwa milki yako. Mshindi aweza kurudi kwao. Aliyetamalaki amejifanya mwenye nyumba.

Mgeni afikaye Dunda huonyeshwa boma la Wajerumani likitazama bahari. Jiwe hilo limehifadhi habari za waliotamalaki. Habari za waliotamalakiwa zimo katika beti, nazo hazionekani mpaka zisomwe kwa sauti.