Mkanda wa A/C na hita ya mjomba

Nilipotea kidogo, nilikuwa kwetu Bukene. Leo nina historia, ila siyo ile ya misafara ya Kazeh niliyozoea kuwachosha nayo. Hii ni ya chini ya boneti.

Siku ya kurudi chuo tulitoka alfajiri na Hiace ya mjomba kwenda Tabora. Mvua inapiga, madirisha yamefungwa, watu tumebanana kama dagaa. Mjomba akawasha hita, upepo akauelekeza kwenye kioo cha mbele. Ukungu ukawa unarudi tu. Konda anafuta kwa kitambaa, unarudi. Mara baiskeli hii hapa mbele, na gunia la mkaa nyuma! Mjomba alikwepa, tukaishia kwenye majani. Hakuna aliyeumia. Mwenye baiskeli alitutazama tu, hakusema neno. Ile sura bado naiona.

Nikamuuliza, "Mjomba, samahani, A/C hukuwasha?"

"Mpwa, A/C na hita wapi na wapi? Mkanda wa kompresa nilishautoa."

Sababu anayo. Zamani aliendesha lori akipanda Sekenke, na pale gari likianza kuchemsha unazima A/C na kuwasha hita. Ni kweli kabisa: hita inachukua joto la maji ya injini, na kompresa inaiongezea injini mzigo. Sasa hii Hiace yake, ukielekeza upepo kwenye kioo, kompresa inajiwasha yenyewe. Yeye akaona ni ubovu unaokula mafuta. Mkanda wake ulikuwa wa peke yake, kwa hiyo kuutoa haikuwa kazi.

Nilipofika chuo nikachimba. Packard ya Marekani ilionyesha gari lenye A/C mwaka 1939, likauzwa kama toleo la 1940, na A/C ilikuwa ya nyongeza kwa dola 274. Kompresa yake haikuwa na klachi. Ukitaka kuizima unasimamisha gari, unazima injini, unafungua boneti, unatoa mkanda. Yaani mjomba mtupu! Mitambo ya kupooza ilikaa nyuma ya siti ya nyuma. Baada ya 1941 Packard wakaachana nayo.

Kisha wakaja Nash. Kampuni hiyo iliungana na Kelvinator, watengeneza majokofu, mwaka 1937, na baadaye ikatoa hita ya Weather Eye. Mwaka 1954 ikaweka hita na A/C kwenye mfumo mmoja, na kompresa ya klachi ya sumaku: unabonyeza tu. Kwenye magari ya leo hewa inapita kwanza kwenye baridi, kisha kwenye joto. Chupa ya soda baridi inavyotoa jasho, ndivyo unyevu unavyoganda matone kwenye mabomba ya A/C na kudondoka chini ya gari. Hewa iliyobaki inapashwa na hita, inafika kwenye kioo ikiwa kavu. Bila kompresa unapuliza joto lenye pumzi za abiria wote.

Nikampigia mjomba. Kosa langu nilianza na Packard.

"Kumbe hata Wazungu walikuwa wanautoa!" Akacheka mpaka konda akachukua simu. Nikamwambia subiri, kuna Nash. Nikaeleza soda, matone, yote. Nikataja na baiskeli. Hapo akanyamaza.

"Ule mkanda ulishapasuka, mpwa," akasema. "Mpya shilingi ngapi?"

Sikujua. Jioni nilipita kwa wauza spea hapa mjini nikaulizia, nikakata kidogo kwenye boom. Kesho nampa dereva anayepita Bukene, sampuli ya namba ya mkanda konda kashanitumia. Msosi wiki hii ni ugali maharage tu, kwa hiyo mkiniona kantini msinikaribishie chipsi kwa maneno.

Haya, kipindi cha saa nne hicho.