Nembo ya Queen: mchoro wa Freddie Mercury uliogeuka bidhaa

Simba wawili, kaa mmoja na ndege mkubwa mwenye kutandaza mabawa: picha hiyo inauzwa kwenye tisheti, kofia na vikombe katika inchi nyingi. Ni nembo ya Queen, kundi la muziki la Uingereza. Wengi wanaoivaa hawajui kama mwimbaji wa kundi mwenyewe ndiye aliichora.

Freddie Mercury alizaliwa Zanzibar tarehe 5 Septemba 1946 kwa jina la Farrokh Bulsara. Jamaa yake ilihamia Uingereza mwaka wa 1964, kisha mapinduzi ya Zanzibar. Alisomea uchoraji kwenye chuo cha Ealing, London, akapata diploma mwaka wa 1969. Mbele ya kujulikana, yeye na mpiga ngoma Roger Taylor walikuwa na kibanda kwenye soko la Kensington, wakiuza michoro na nguo za mitumba.

Katika nembo alifuata nyota za kuzaliwa za wanamuziki wanne. Simba wawili ni Taylor na John Deacon, kaa ni Brian May, na wasichana wawili wenye mabawa ni nyota yake mwenyewe, Mashuke. Mwaka wa 1975 nembo hiyo ilitoka kwenye jalada la albamu A Night at the Opera.

Mercury alikufa tarehe 24 Novemba 1991, lakini mchoro ungali unaingiza feza. Mwaka wa 2023, vitu vyake viliuzwa kwa mnada wa Sotheby's huko London kwa karibu pauni milioni 40. Hata hivyo, kununua karatasi ya mchoro hakumpi mtu haki ya kuuchapa kwenye nguo. Hayo ni mambo mawili mbalimbali.

Hapa Kongo, sheria nambari 86-033 ya tarehe 5 Aprili 1986 inalinda michoro sawa vile inalinda nyimbo. Kwa hiyo mwanamuziki wa Bunia au Komanda mwenye kujichorea nembo yuko na haki juu ya wimbo, na haki ingine juu ya mchoro. Mwenye kuchapa tisheti anapashwa kumuomba ruhusa kwanza. Ni vizuri mapatano yaandikwe: nani alichora, tisheti ngapi zitachapwa, na mchoraji atapata ngapi kwa kila moja.